UZI: Kijiji cha Wapueblo kilichohamwa miaka ya 1280, na jalala lililotoa siri zake

Mchimbadongo (mleta mada)

Wakuu, salaam.

Juzi kuna mtu alileta mada humu kuhusu "kabila lililotoweka Marekani". Nimeisoma hadi mwisho, nikaona tunalishwa matango pori. Eti watu walijenga nyumba za mawe kwenye majabali, kisha siku moja wakayeyuka, na mpaka leo hakuna ajuaye walikwenda wapi. Watu hao ni Wapueblo, Wenyeji wa Marekani, na wajukuu zao wapo. Wanalima mahindi, wanapiga kura, wanawasomesha watoto, na wanachoka kweli kusikia kwamba walitoweka.

Mimi makazi yangu ni Colorado. Kazi yangu haina uhusiano wowote na akiolojia, ila ukikaa huku lazima utaanza kuyasoma haya mambo, maana mabaki yako kila kona. Leo sizungumzii Cliff Palace, ile ya kwenye kalenda na kadi za posta. Nazungumzia Sand Canyon Pueblo, mahali ambapo ukifika bila maelezo utaona marundo ya mawe, miti ya mireteni na vibao vya maelekezo, basi. Nimewahi kumpeleka mgeni kutoka Dar, akaniuliza, "Ndiyo hiki tulichoendeshea gari?"

Iko hivi. Kusini magharibi mwa Colorado, karibu na mji wa Cortez, kuna uwanda wa juu uliokatwakatwa na makorongo, zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Kwa vizazi vingi wakulima wa Kipueblo waliishi wametawanyika juu ya uwanda, kila familia na shamba lake. Kufikia mwaka 1250 hivi wakaanza kuyaacha yale makazi ya mbalimbali na kusogeleana. Wakachagua kichwa cha korongo penye chemchemi, wakaizungushia kijiji pande zote mbili: vyumba kama 420, kiva (vyumba vya duara vilivyochimbwa ardhini) kama 90, minara 14, kiva kuu moja ya mikutano, jengo moja lenye umbo la herufi D, na ukuta mkubwa wa mawe kwa nje.

Miaka 30 baadaye, kimya. Hakuna mtu.

Kituo cha akiolojia cha Crow Canyon, kilichopo hapohapo Cortez, kilichimba kijiji hiki kati ya 1984 na 1993. Na hawakukichimba chote. Walichagua sehemu chache: kiva moja na vyumba vyake, halafu wanahamia upande mwingine, kiva nyingine na vyumba vyake. Sehemu kubwa ya kijiji bado iko chini ya udongo kwa makusudi kabisa. Kuchimba ni kuharibu, wakuu. Tabaka ukishalifumua halirudi, kwa hiyo unawaachia watakaokuja na vifaa bora kuliko vyako. Hata zile sehemu walizochimba walizifukia tena, ndiyo maana mgeni wangu hakuona kitu.

Nashusha vitu taratibu, vuteni viti.

Nyota ya Jaha

Nimeweka kambi. Swali la kwanza: dhahabu walipata?

Mchimbadongo

Hakuna dhahabu mkuu, na hawakuitegemea. Walipata vigae vya vyungu, majivu, mifupa ya sungura, punje za mahindi zilizoungua, magogo ya mkaa na mavi ya bata mzinga. Ukimwambia mwanaakiolojia wa kule achague sanduku la vito au jalala la miaka 30 ambalo halijaguswa, atachukua jalala bila kufikiri mara mbili.

Fundi_Mbezi

Mimi ni fundi ujenzi. Hiyo kiva ni kitu gani hasa? Nimeona picha, ni shimo la duara na mlango uko juu ya paa. Sasa moto ukiwashwa humo ndani watu hawafi kwa moshi?

Mchimbadongo

Swali zuri, na hawa watu wangekufurahisha wewe kwa taaluma yako.

Kiva ya kawaida ni chumba cha mviringo kilichochimbwa ardhini na kujengwa kuta za mawe. Kuizunguka kuna baraza ya kukalia, na juu ya baraza zinasimama nguzo fupi za mawe, mara nyingi sita. Paa linaanza kwenye hizo nguzo: gogo kutoka nguzo hadi nguzo, safu ya pili inakatiza pembe za safu ya kwanza, ya tatu inabana ndani zaidi, mpaka juu unabaki na tundu dogo la mraba. Unamwaga udongo juu yake, unasawazisha, na paa lako linakuwa uwanja wa nyumba. Watoto wanacheza juu, nyinyi mko chini.

Kuhusu moshi: ubavuni, kwa kawaida upande wa kusini, kuna bomba la hewa lililojengwa kwa mawe. Linashuka kutoka juu ya ardhi na kutokea ndani usawa wa sakafu. Moto ukiwaka, hewa moto inapanda na moshi unatokea kwenye tundu la paa, lilelile lenye ngazi. Hewa baridi inavutwa kupitia bomba. Sasa ili isije ikapuliza moto moja kwa moja na kurusha majivu, kati ya mdomo wa bomba na jiko wanasimamisha kikuta kifupi. Hewa inakigonga, inagawanyika, inazunguka chumba. Kazi imekwisha, bila feni.

Na angalia hesabu: kiva 90 kwa vyumba 420. Ni kama kiva moja kwa kila vyumba vitano. Ndiyo maana wachimbaji wanaona kiva nyingi za kijijini pale zilikuwa za familia: mnapika, mnasuka, mnalala wakati wa baridi, na ibada za nyumbani pia zinafanyika humo. Zile za jamii nzima ni chache na kubwa.

Fundi_Mbezi

Aisee. Hicho kikuta cha kugawa hewa nimekielewa sana. Endelea mkuu.

Mchimbadongo

Tubaki humohumo kwenye kiva, maana ndiyo inayoonyesha wachimbaji wanavyosoma udongo.

Unapoanza kushuka kutoka juu unakutana na vumbi lililoletwa na upepo karne kadhaa. Chini yake mawe ya kuta zilizoanguka. Chini ya mawe ni paa lenyewe: kama liliungua, utaona udongo uliogeuka mwekundu kwa moto na magogo ya mkaa yamelala kama yalivyoporomoka. Chini ya hapo ni sakafu. Hapa sururu inawekwa pembeni, unashika mwiko mdogo kama wa fundi mwashi na brashi, na kila ndoo ya udongo inapita kwenye chekeche la waya lenye matundu ya milimita 6 hivi.

Swali kubwa kuliko yote ni hili: kati ya sakafu na paa kuna nini? Ukikuta tabaka la vumbi, maana yake nyumba ilikaa tupu muda fulani kabla paa halijaanguka. Paa likiwa limeilalia sakafu yenyewe, na vyungu viko palepale, basi siku paa lilipoteketea watu walikuwa wametoka muda si mrefu, au hawakuwa wametoka.

Sand Canyon kuna kiva za namna hiyo ya pili. Kuna vyungu vizima vilivyoachwa, mawe ya kusagia yaliyoachwa, na baadhi ya sehemu kuna miili ya watu ambao hawakuzikwa. Mtu anayehama kwa mpango wake, tena akiwa haendi mbali, habebi kila kitu lakini chungu kizuri anabeba. Aliyeondoka na safari ndefu mbele yake, au aliyefukuzwa, anaacha.

Kuku_Chotara

Umetaja mavi ya bata mzinga ukapita. Mimi mfugaji, rudi hapo.

Mchimbadongo

Haya, huu ndio utamu wenyewe, na ndio ulionifanya nifungue uzi.

Wapueblo wa zamani walifuga mbwa na bata mzinga, basi. Hawakuwa na mbuzi, ng'ombe wala kuku. Bata mzinga mwanzoni walimtaka zaidi kwa manyoya: walisokota manyoya kwenye kamba za nyuzi za mmea wa yuka na kufuma mablanketi ya baridi. Baadaye, wanyama wakubwa wa porini walipopungua kwa kuwindwa sana, bata mzinga akawa nyama kuu. Vipimo vya kemia ya mifupa vinaonyesha alikula mahindi, chakula kilekile cha wenye nyumba.

Mtafiti Kristin Kuckelman wa Crow Canyon alifanya kitu rahisi ambacho kinanishangaza kwa akili yake. Alilinganisha takataka za sehemu mbili. Ya kwanza ni majalala, yaani uchafu uliorundikana miaka yote kijiji kikiwa hai. Ya pili ni mabaki yaliyokuwa sakafuni na mekoni siku za mwisho, mlo ambao hakuna aliyebaki kuuzoa na kwenda kuumwaga.

Majalalani: mahindi na mifupa ya bata mzinga kwa wingi. Sakafuni: bata mzinga amepungua sana, sungura na wanyama wa porini wameongezeka, na mimea ya mwituni imechukua nafasi ya mahindi.

Wewe mfugaji malizia mwenyewe.

Kuku_Chotara

Mahindi yakikosekana, mifugo ndiyo ya kwanza kuondoka. Unawachinja kabla hawajafa kwa njaa, halafu mwezi unaofuata huna nyama wala mbegu. Yaani hiyo nimeiona kwa macho yangu mwaka bei ya pumba ilipopanda.

Mchimbadongo

Ndivyo hasa. Watu waliweka mayai yote kwenye kapu la mahindi, na bata mzinga wao walikuwa mahindi yaliyoota mbawa.

Mzee wa Kahawa

Kijana, unatuambia 1250, 1280, kana kwamba walikuachia shajara. Hawakuwa na maandishi. Hiyo miaka mnaitoa wapi? Kipimo cha kaboni najua kinakupa makadirio ya makumi ya miaka, si hivyo unavyosema wewe.

Mchimbadongo

Shikamoo mzee. Kaboni si yenyewe hapa. Hii ni pete za miti, na hadithi yake ni nzuri kuliko filamu.

Katika nchi kame mti unaongeza pete moja kila mwaka: mvua ikinyesha vizuri pete inakuwa nene, ukame ukipiga inakuwa nyembamba kama unywele. Miti yote ya eneo moja inapata mfuatano uleule, nene, nene, nyembamba, nene. A. E. Douglass, mtaalamu wa nyota wa Arizona, alianza kuzihesabu mwanzoni mwa karne ya 20 kwa sababu alikuwa anatafuta athari za madoa ya jua kwenye hali ya hewa. Akagundua kwamba anaweza kuunganisha gogo la mti aliokata leo na gogo la nyumba ya zamani, kwa kulinganisha sehemu mifuatano inapoingiliana.

Mwishoni mwa miaka ya 1920 alikuwa na minyororo miwili. Mmoja ulitoka wakati wake kurudi nyuma hadi karibu na 1260. Mwingine ulikuwa na miaka 585 mfululizo kutoka magogo ya magofu makubwa, ila ulikuwa unaelea: ungeweza kukuambia jengo hili lina umri mdogo kwa miaka 40 kuliko lile, bila kusema ni mwaka gani. Kati ya minyororo hiyo palikuwa na pengo ambalo hakuna aliyejua upana wake.

Tarehe 22 Juni 1929, huko Show Low, Arizona, vijana wake wawili, Emil Haury na Lyndon Hargrave, walifukua gogo lililoungua. Wakalifunga kamba lisije likasambaratika, wakalipa namba HH-39. Pete yake ya ndani ilikuwa ya 1237 na ya nje ya 1380. Jioni ile Douglass akakaa nalo na maelezo yake. Likaungana na mnyororo mpya, likaungana na ule unaoelea. Pengo lenyewe kumbe halikuwepo, miisho ya minyororo ilikuwa inaingiliana, ila vipande vya hapo kati vilikuwa vibovu mno kuaminika. Magofu makubwa kama Pueblo Bonito, lile jengo kubwa la Chaco Canyon huko New Mexico, yakapata miaka yake ya kalenda kwa mkupuo mmoja.

Kwa hiyo mzee, gogo la paa la kiva likiwa bado na pete ya mwisho chini ya gome, unapata mwaka mti ulipokatwa. Kama pete za nje zimemomonyoka, unapata mwaka ambao mti ulikatwa *baada yake*. Sand Canyon magogo ya mwisho yanaangukia miaka ya 1270. Baada ya hapo hakuna aliyekata mti kujenga au kukarabati.

Mzee wa Kahawa

Marahaba. Hapo umeniweza. Na hizo pete zinasema nini kuhusu mvua?

Mchimbadongo

Zinaonyesha ukame mkubwa kuanzia 1276 hadi 1299. Miaka 23. Kwa muda mrefu watu walimaliza habari hapo: ukame, wakahama, tufunge kitabu.

Mimi siridhiki, na watafiti wengi hawaridhiki pia. Carla Van West alikadiria mavuno ya mahindi ya eneo lile mwaka kwa mwaka, akakuta kwamba hata kwenye ukame ule ardhi ingeweza kuwalisha watu wengi kiasi, mradi wawe huru kwenda penye rutuba na kugawana. Neno ni hapo kwenye "huru". Watu waliokwishajifungia nyuma ya ukuta karibu na chemchemi, wanaoogopana na majirani, hawawezi kutawanyika tena mashambani. Na eneo lote, maelfu ya watu, liliachwa kabisa. Ukame peke yake hauwatoi watu hadi wa mwisho.

Nyota ya Jaha

Kuogopana na majirani kivipi? Mimi nimesoma sehemu walikuwa wanakulana.

Mchimbadongo

Twende polepole hapo. Chini ya korongo lilelile kuna kijiji kidogo, Castle Rock Pueblo, kilichojengwa kuzunguka jabali. Crow Canyon walikichimba pia. Walikuta mabaki ya watu wasiopungua 41 waliouawa, wanaume, wanawake na watoto, karibu na 1280. Sand Canyon yenyewe ina dalili za mashambulizi mwishoni. Hilo halina ubishi mkubwa.

Hilo la kula watu lina ubishi mkubwa sana. Kuna watafiti walioona alama za visu na moto kwenye mifupa ya maeneo kadhaa wakafikia hitimisho hilo, na kuna wengine wanaosema alama hizohizo zinaweza kutokana na ukatili wa kivita au adhabu. Wapueblo wa leo wengi wamekerwa jinsi magazeti yalivyolivalia njuga. Mimi nasema mifupa ya vita inatosha kueleza kwa nini mtu angefunga mzigo.

dadaa_K

Hiyo mifupa iko wapi sasa? Nauliza kwa sababu sisi bado tunadai fuvu la Mangi Meli tangu Wajerumani walipomnyonga 1900, na 2023 Berlin wamepima vinasaba vya mafuvu wakapata ndugu zao walio hai Tanzania. Isije ikawa huko nako watu wako kwenye maboksi.

Mchimbadongo

Dada umegusa penyewe. Wamekaa kwenye maboksi sana.

Mwanaakiolojia Alfred Kidder alichimba magofu ya kijiji cha Kipueblo cha Pecos, New Mexico, kuanzia 1915 hadi 1929, na ndiye aliyewafundisha wenzake kusoma tabaka za jalala la Kipueblo. Mtu mkubwa. Lakini mabaki ya watu karibu 2,000 yaliishia Harvard. Watu wa mwisho wa Pecos walikuwa wamehamia kwa ndugu zao wa Jemez, kijiji kingine cha Kipueblo, mwaka 1838, kwa hiyo wenye wafu walijulikana siku zote! Walirudishiwa 1999, baada ya sheria ya shirikisho ya 1990 kuhusu makaburi ya Wenyeji. Watu wa Jemez walitembea kwa miguu kwenda kuwapokea na kuwazika Pecos.

Mwingine ni Gustaf Nordenskiöld, kijana wa Kiswidi aliyechimba Mesa Verde, palipo na ile Cliff Palace, mwaka 1891 na kusafirisha mzigo wake Ulaya. Alikamatwa mjini Durango, Colorado, wakamwachia kwa kuwa hapakuwa na sheria ya kumfunga. Mzigo ukaishia Finland. Mwaka 2020 Finland ikarudisha mabaki ya watu 20 na vitu 28 vya makaburini.

Siku hizi Crow Canyon wana washauri Wenyeji. Mzee wa Hopi au wa Tewa, jamii za Kipueblo za leo, anaweza kufika akatazama kitu ambacho msomi amekiandika "kisichojulikana", akasema bibi yangu anacho.

Fundi_Mbezi

Sasa malizia. Walikwenda wapi?

Mchimbadongo

Kusini na kusini mashariki. Wengi bonde la Rio Grande huko New Mexico, wengine kuelekea Zuni, Acoma na kwa Wahopi wa Arizona. Leo New Mexico peke yake ina jamii 19 za Kipueblo zenye serikali zao. Katika karne ya 13 idadi ya watu katika sehemu ya kaskazini ya bonde la Rio Grande inapanda wakati ya huku eneo la Mesa Verde inashuka. Mtafiti Scott Ortman ameandika sana kwamba Watewa wa leo wana mizizi mikubwa huku, akiunganisha lugha, maumbile ya mifupa na simulizi zao.

Na Kuku_Chotara, hii ni yako: mwaka 2017 watafiti walipima vinasaba vya mifupa ya bata mzinga wa kale wa pande zote mbili. Ukoo wa bata mzinga wa Mesa Verde unakuja kuonekana kwa nguvu Rio Grande baada ya 1280. Wenyewe waliondoka na mbegu ya mifugo.

Ya karibuni zaidi ni 2025. Watu wa Picuris Pueblo, mojawapo ya zile jamii 19, waliwafuata wao wenyewe wanasayansi wa vinasaba, wakaweka masharti yao, na matokeo yakaonyesha uhusiano na watu wa kale wa Chaco Canyon. Simulizi za wazee zilikuwa zikisema hivyo muda wote.

Kuku_Chotara

Bata mzinga kuswagwa njia yote hiyo kwa miguu? Heshima kwao. Mimi kumi tu kutoka bandani kwenda uani wananitoa jasho.

dadaa_K

Nina safari ya Denver mwakani. Naweza kufika?

Mchimbadongo

Unaweza, ila Denver ni mbali, weka siku nzima ya barabarani. Fikia Cortez. Sand Canyon iko ndani ya hifadhi ya Canyons of the Ancients, na kuna njia ya miguu inayoshuka korongoni mpaka Castle Rock. Beba maji mengi, jua la kule halina utani. Usipande juu ya kuta. Na ukikuta kigae cheupe chenye michoro myeusi, kitazame, kipige picha, kirudishe ulipokitoa: kukibeba ni kosa la jinai kwa sheria ya 1979, na hata ukinusurika, kigae nje ya mahali pake hakina tena cha kumwambia mtu. Ukitaka kuchimba mwenyewe, Crow Canyon wana programu za raia wa kawaida kwa ada. Wasiliana nao mapema, halafu njoo PM nikuelekeze pa kula.